Bushi Ngumu Haiponyi Gari

Mteja anayeingia duka la spea la Gerezani, Dar es Salaam, au la Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kutafuta bushi za wishiboni anaweza kuonyeshwa bidhaa tatu kwa kazi ile ile. Ya kwanza ni nyeusi: mpira ulioshikamanishwa na mabomba mawili ya chuma, moja ndani na jingine nje. Ya pili inang'aa kwa rangi nyekundu, zambarau au njano, na kidole kikiibonyeza hakizami. Hiyo ni poliurethani. Ya tatu haina jina la kiwanda. Imechongwa kwa nailoni kwenye mashine ya kukerezea, au imekatwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Mteja, akikumbuka mashimo na matuta ya njia anayopita kila siku, huuliza swali moja: ipi ngumu zaidi?

Swali hilo linaeleweka, lakini limeharibu magari mengi. Ugumu na uimara ni mambo mawili, na kwenye bushi mara nyingi yanavutana. Bushi imewekwa pale ili ibonyee, ijisokote na irudi mahali pake mara mamilioni, chuma kisigonge chuma. Ile isiyobonyea haiui nguvu ya shimo. Huipitisha tu ikaenda kwenye boljointi, kwenye bolti na kwenye breketi iliyochomelewa kwenye chasisi. Mwenye gari anadhani ameokoa bei ya bushi, kumbe amehamishia uharibifu kwenye sehemu ya bei kubwa zaidi.

Kwa gari la kawaida la familia au la biashara ndogo, mpira mzuri bado ndio chaguo la kwanza. Poliurethani ina nafasi zake, chache lakini za kweli. Vipande vya tairi na nailoni ya mtaani havifai kabisa kwenye mkono unaoshika gurudumu la mbele.

Magari ya mwanzo hayakuwa na mpira kwenye viungo hivi. Springi zilining'inia kwenye pini za chuma ndani ya bushi za bronzi, na dereva au tandiboi alilazimika kuzipiga grisi mara kwa mara, la sivyo zililika na kuanza kupiga kelele. Malori mengi hadi leo yana nipo za grisi kwenye pini za springi kwa sababu hiyo hiyo. Mpira ulipata nafasi kwenye mashine baada ya Charles Goodyear wa Marekani kugundua, mwaka 1839, kwamba ukipikwa pamoja na salfa hauyeyuki kwenye joto wala haukakamai kwenye baridi. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1931, kampuni ya Chrysler iliuza gari lake la Plymouth kwa kujivunia injini iliyokalia vishikio vya mpira, mtetemo usiwafikie abiria. Viwanda vya magari viliendelea kuupeleka mpira kila mahali ambapo chuma kilikuwa kinasumbuana na chuma, hadi miguuni.

Anayetaka kuelewa kwa nini haujaondoka huko aitazame bushi ya mpira ikifanya kazi. Bomba la ndani limebanwa na bolti kwenye chasisi na halizunguki. Bomba la nje limeshindiliwa ndani ya tundu la wishiboni. Gurudumu likipanda tuta, wishiboni huinuka, na katikati ya mabomba hayo hakuna kinachoteleza: mpira wenyewe hujisokota, kisha hujifungua. Hapahitajiki grisi, na hapana uwazi wa kupitisha mchanga. Kwa nchi yenye vumbi hilo si jambo dogo, maana kiungo chochote kinachoteleza kikiingiwa na mchanga hugeuka kuwa msasa.

Mpira wa mti, ule unaogemwa pia kwenye mashamba ya Kihuhwi wilayani Muheza, una sifa nyingine ambayo maabara zimehangaika kuiiga. Ukivutwa sana, molekuli zake hujipanga na kuwa fuwele pale pale penye mvutano. Ufa unapoanza kutambaa hukutana na sehemu iliyokazana, ukasimama au ukapunguza mwendo. Ndiyo maana, pamoja na mipira yote iliyobuniwa viwandani, mpira wa mti bado unatumika kwenye bushi, kwenye tairi za malori na kwenye tairi za ndege.

Ugumu wa vitu hivi una kipimo chake, kinachoitwa Shore A, kinachoanzia 0 hadi 100. Bushi nyingi za mpira za magari madogo huangukia kati ya 50 na 70. Za poliurethani huanzia karibu 70 na kufika 95. Fundi anayezitofautisha kwa ukucha hukaribia ukweli, lakini ukucha hauwezi kumwambia ni upande gani mhandisi alitaka bushi iwe laini. Bushi nyingi za nyuma za wishiboni zina matundu yaliyoachwa makusudi ndani ya mpira, mara nyingi mawili yanayotazamana kwa umbo la mwezi mchanga. Kwenye mhimili wa matundu hayo bushi hukubali kusogea kidogo, ili gurudumu lirudi nyuma kiasi linapokutana na shimo. Kwenye mhimili mwingine ni ngumu, ili gurudumu lisiyumbe kwenye kona. Bushi moja, ugumu wa aina mbili.

Porsche walionyesha mapema umbali ambao ulaini huo unaweza kufika. Gari lao la 928, lililotoka mwaka 1977, lilikuwa na ekseli ya nyuma iliyopewa jina la Weissach, mahali kilipo kituo chao cha utafiti nchini Ujerumani. Dereva akiachia mafuta ghafla katikati ya kona, magurudumu ya nyuma ya magari mengi ya wakati huo yalielekea nje na gari likataka kugeuka nyuma mbele. Ekseli ya Weissach ilitumia kule kulegea kwa viungo vyake kuyaelekeza magurudumu ndani, gari likatulia. Ulaini huo ulipigiwa hesabu kama sehemu ya usukani. Magari mengi yaliyofuata, hata yale ya kawaida yanayouzwa kwa watu wa kipato cha kati, yamesanifiwa kwa fikra hizo hizo, kila moja kwa kiasi chake. Anayeziba yale matundu ya mwezi mchanga kwa poliurethani ngumu anafuta hesabu hiyo bila kujua ilikuwa inasema nini.

Pamoja na hayo, poliurethani si utapeli. Ilibuniwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, na leo imo kwenye magodoro, soli za viatu na magurudumu ya mashine za kubebea mizigo. Hustahimili kukwaruzwa na oili kuliko mpira wa mti. Tofauti yake kubwa ni namna inavyofanya kazi. Kwa kawaida bushi ya poliurethani haishikamanishwi na bomba la ndani. Huzunguka juu yake kwa kuteleza. Kwa hiyo inahitaji grisi yake maalumu, mara nyingi ya silikoni, na grisi hiyo ikikauka au ikiingiwa na vumbi, gari huanza kulia kila linapovuka tuta. Kwa wengi wanaolalamika kwamba poli zao zinapiga kelele, bushi haina kosa. Walifungiwa zikiwa kavu, au kwa grisi ya kawaida ya beringi, na hawakuambiwa kwamba zitahitaji kufunguliwa na kupakwa tena.

Ilipo kazi rahisi, poliurethani hung'ara. Bushi za stabilaiza ni mfano bora: chuma cha duara kinazunguka ndani ya bushi kwa mhimili mmoja, hakuna msokoto wa pembeni. Mpira ukichoka hapo gari hulala sana kwenye kona. Poliurethani hurudisha ukakamavu na hudumu. Macho ya springi za vyuma bapa ni nafasi nyingine nzuri, kwa sababu springi hupanda na kushuka kwenye mhimili ule ule. Toyota Hiace inayobeba abiria, au matatu inayopanda kwenda Ngong, huzitesa bushi za springi za nyuma kwa uzito kutwa nzima, na mwenye gari akichagua poliurethani hapo ana hoja ya kutosha.

Mambo hubadilika kwenye magari ya ekseli nzima ya mbele yenye springi za koili. Land Rover ilileta mpangilio huo kwenye One Ten ya mwaka 1983, baba wa Defender, baada ya kuutumia kwenye Range Rover tangu 1970. Toyota iliutumia kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 80, na tangu 1999 kwenye zile za mfululizo wa 70 ambazo leo zinabeba watalii Serengeti na Maasai Mara, wagonjwa na mizigo ya mashirika. Ekseli inashikwa na mikono miwili mirefu, na kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bushi mbili. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe na la kulia likazama kwenye shimo, ekseli nzima inapinda ukilinganisha na mikono yake, na kitu pekee kinachoruhusu kupinda huko ni ulaini wa bushi. Zikiwa ngumu mno, ekseli hukataa. Gurudumu moja huning'inia hewani badala ya kushika ardhi, na nguvu iliyokosa pa kwenda huingia kwenye breketi na kwenye maungio ya kuchomelea. Kwenye lami gari kama hilo huonekana kutulia kuliko zamani. Porini, miezi inapopita, nyufa huanza kuonekana penye breketi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji huligusia kwa nadra, nalo linawahusu hasa watu wa Tanga, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Poliurethani ziko za familia mbili. Zilizojengwa kwa poliesta ni imara dhidi ya oili na mikwaruzo, lakini maji na joto huzivunja taratibu kutoka ndani, zikaishia kunata au kumomonyoka. Zilizojengwa kwa poliitha hustahimili unyevu vizuri zaidi. Kwenye hewa ya pwani, yenye joto na unyevu mwaka mzima, tofauti hiyo inaweza kuamua kama bushi itadumu au haitadumu. Rangi haisemi lolote kuhusu familia ya bushi. Mtengenezaji mwaminifu huandika. Asipoandika, mnunuzi ana haki ya kuuliza na kuondoka.

Hoja inayorudi kila msimu wa Safari Rally ni kwamba magari ya mashindano hayatumii mpira laini, na barabara zao ni mbaya kuliko za mtu yeyote. Sehemu ya kwanza ina ukweli: magari mengi ya mashindano hufungwa beringi za duara za chuma mahali pa bushi, ili gurudumu likae pale pale mhandisi alipolitaka. Lakini magari yanayofika Naivasha, ambako mashindano hayo ya dunia yamekuwa yakifanyika tangu yaliporudi Kenya mwaka 2021, huwa na timu za mafundi zinazoyakagua na kuyabadilishia vifaa kila siku ya mashindano. Beringi ya duara haichuji mtetemo hata kidogo, na vumbi huila upesi. Mwenye Probox anayepeleka miraa au magazeti alfajiri hana timu hiyo, na mgongo wake ndio utakaofanya kazi ambayo mpira umeondolewa.

Hata hivyo hoja ya wapenda ugumu ina mzizi wa haki, nao usipuuzwe. Watu wengi walihamia poliurethani baada ya kununua bushi za mpira zilizochanika ndani ya miezi michache. Mpira huo ulikuwa feki au wa kiwango cha chini: umechanganywa vijazio vingi, au haukushikamanishwa na chuma ipasavyo, ukabanduka kwenye bomba la ndani kwenye mashimo ya kwanza. Ukweli mchungu ni kwamba poliurethani nzuri inaishinda bushi ya mpira mbovu. Lakini dawa ya mpira mbovu ni mpira mzuri, na mara nyingi bei ya poliurethani yenye jina ingetosha kununua bushi ya mpira ya mtengenezaji anayeaminika, au hata mkono mzima ukiwa na bushi zake na boljointi.

Bushi za tairi na za nailoni zimetokana na ubunifu wa mafundi ambao mara nyingi hawakuwa na spea mbele yao, na kwa trekta au mkokoteni zinaweza kutosha. Kwenye gari la barabarani ni hatari. Tairi lina nyuzi za kitambaa au za chuma zinazolikataza kunyumbuka sawasawa kila upande, na kipande kilichokatwa hakishikani na bomba. Kinazunguka, kinasagika, kinaacha nafasi. Nailoni nayo hainyumbuki vya kutosha kuchukua msokoto wa wishiboni, hivyo bolti na tundu ndivyo vinavyoliwa. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, mkono uliolegea hurudi nyuma na gurudumu hubadili mwelekeo wakati ule ule anapolihitaji linyooke.

Hata bushi bora huuawa na ufungaji, na kosa linaloongoza ni jepesi kulirekebisha. Fundi amepandisha gari kwa jeki, magurudumu yananing'inia, wishiboni zimeshuka hadi mwisho. Anaingiza bushi mpya, anakaza bolti palepale hadi mwisho, anashusha gari. Kwa kuwa bomba la ndani sasa limebanwa likiwa katika hali ya kushuka, mpira unasokotwa uzito wa gari unapotua, na utabaki umesokotwa saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa nje ya nyumba. Kila tuta linaongezea juu ya msokoto huo. Bushi iliyopaswa kudumu miaka huchanika mapema, na lawama huangukia mpira. Njia sahihi ni kukaza bolti kwa mkono tu, kushusha gari likalie magurudumu yake au kuinua mkono kwa jeki hadi usawa wake wa kawaida, kulitikisa litulie, kisha ndipo kukaza hadi kipimo cha mtengenezaji.

Mengine yanafuata hapo. Bushi iingizwe kwa mashine ya presi, kwa kusukuma ukingo wa bomba la nje. Nyundo hulipinda bomba na kuuchana mpira kabla gari halijatoka gereji. Alama au mshale kwenye bushi uelekee pale kitabu cha gari kinaposema, maana bushi yenye matundu ikigeuzwa robo mzunguko huwa laini upande usiotakiwa. Mikono ya aluminiamu isichomwe kwa gesi kutoa bushi kuukuu, kwa kuwa joto huidhoofisha metali hiyo. Zibadilishwe kulia na kushoto kwa pamoja, na gari lipelekwe alaimenti baadaye.

Mazoea mengine ya kuachwa yako kwenye vituo vya kuoshea magari. Kupuliza dizeli au oili chafu chini ya gari ili ling'ae au lisishike kutu ni kuulisha mpira wa mti sumu yake. Hufyonza mafuta hayo, huvimba, hulegea na kubanduka. Anayetaka kunyamazisha bushi ya mpira inayolia atumie silikoni, na kabla ya hapo ajiulize kama kilio hicho si dalili ya kuchoka.

Dalili zenyewe si za kificho. Gari hugonga kwa sauti nzito breki ikikanyagwa au ikiachiwa, tairi huliwa upande mmoja, usukani hutangatanga kwenye barabara iliyonyooka, na alaimenti iliyofanywa mwezi uliopita haipo tena. Fundi makini huweka mtaimbo kati ya wishiboni na chasisi, akasukuma taratibu na kutazama. Nyufa ndogo za juu juu pekee hazitoshi kuihukumu bushi; mpira uliobanduka kwenye chuma, au ufa unaofunguka hadi ndani, unatosha. Bushi za kisasa zilizojazwa majimaji ndani, ambazo zipo kwenye baadhi ya magari ya bei kubwa ya Ujerumani na Japani, hutoa ushahidi wa ziada: doa la unyevu linalotiririka kwenye mkono.

Haya yote yana uzito zaidi kwa sababu magari mengi ya Afrika Mashariki huingia yakiwa yameshatumika. Kenya huruhusu gari lisilozidi miaka 8. Kwingine huingia la umri mkubwa zaidi. Mpira huzeeka kwa ozoni na joto hata gari likiwa limesimama, kwa hiyo gari lililoshuka bandarini likiwa na rangi safi na kilomita chache linaweza kuwa na bushi zilizokakamaa. Mnunuzi anayekagua injini kwa saa nzima aombe pia gari liinuliwe na mtaimbo upite kwenye bushi zote kabla hajalipa. Na anayeshawishiwa kununua mikono iliyotumika kutoka Japani akumbuke kwamba ananunua pia umri wa mpira uliomo, hata kama chuma chake hakina mkwaruzo.

Mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, yana nafasi ya kusaidia kwa hatua ndogo zisizohitaji mitambo mikubwa: kila bushi inayouzwa iwe na pakiti inayotaja nyenzo, ugumu wake kwa Shore A, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na kwa poliurethani, kama ni ya poliesta au poliitha. Mwenye duka asiyeweza kuonyesha hayo aonekane kama muuza dawa zisizo na tarehe. Gereji nazo ziandike kwenye risiti aina ya bushi iliyofungwa, na kwamba bolti zilikazwa gari likiwa limekalia magurudumu yake, ili mwenye gari akirudi baada ya miezi mitatu na sauti ile ile ya kugonga, yeye na fundi wake wawe na karatasi ya kuanzia mazungumzo.